Faksi na kifuatiliaji cha mitambo kwenye laini moja ya simu

Laini ya waya ikiwa moja na vifaa viwili, faksi ofisini na kifuatiliaji (kifaa kinachopima hali ya mtambo na kupiga simu ya kengele ukipata hitilafu) kwenye chumba cha jenereta au chumba cha baridi, kuna maswali mawili ya kujibu. Simu ikiingia, nani apokee? Na mtambo ukipata hitilafu wakati laini inatumika, nani aachie? Wengi hushughulikia la kwanza, wakanunua swichi ya faksi, kiboksi kinachoamua simu inayoingia iende kifaa kipi, wakaona kazi imekwisha. La pili ndilo linaloharibu chanjo na maziwa. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na maziwa kwenye tangi la kupozea hutakiwa kubaki karibu na nyuzi 4. Faksi ya kurasa ishirini kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde inaweza kushikilia laini dakika ishirini. Ukichanganya na foleni ya faksi za mwisho wa mwezi, kengele inaweza kukaa nyuma yake saa nzima.

Kwa hiyo tuanze na hilo la pili.

Njia ya mkato ni kutoa matawi mawili kwenye soketi moja, tawi hili kwa faksi, tawi lile kwa kifuatiliaji. Siku ya kufunga kila kitu kitafanya kazi, kwa sababu siku hiyo hakuna anayetuma faksi. Laini isiyotumika husoma volti 48 hivi kwenye mita. Kifaa kikiishika, zinashuka hadi kati ya 6 na 12. Faksi ikiwa katikati ya ukurasa na kifuatiliaji kikaingia juu yake, mkondo unagawanyika na ishara zinavurugika. Namba ambazo kifuatiliaji kinabonyeza hazifiki popote, maana mtambo wa kampuni ya simu hausubiri namba kwenye laini ambayo tayari imeunganishwa. Faksi inatoa karatasi ya kosa la mawasiliano, na kengele haijatoka.

Kama kifuatiliaji chako kinatumia modemu (kifaa cha kupitisha data kwenye simu), angalia amri ya X kwenye mipangilio yake. X4 huifanya isubiri mlio wa laini kabla ya kupiga, na itambue mlio wa bize. X3 huifanya ipige bila kusubiri mlio wa laini. Mafundi hupenda X3 pale ambapo mlio wa PABX (swichibodi ya simu za ofisi) ni tofauti na ule modemu inaoutambua, na hapo ina kazi yake. Kwenye laini inayogawanywa na faksi usiitumie, kwa sababu itapiga namba juu ya faksi, itakosa jibu, na itahesabu jaribio limekwisha.

Dawa ni kuunga kwa mfululizo, kifuatiliaji mbele na faksi nyuma yake. Vifuatiliaji na paneli za kengele vilivyotengenezwa kwa kazi hii vina skrubu nne za simu: mbili za laini inayoingia, mbili za simu za ndani. Katikati kuna relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Wakati wa kawaida relei inapitisha laini moja kwa moja hadi kwenye faksi. Kengele ikilia, relei inakata upande wa faksi na kifuatiliaji kinabaki peke yake na laini ya nje. Kifaa chenye skrubu mbili tu hakiwezi kufanya hivyo, na muuzaji akikuambia kinaweza, mwombe akuonyeshe relei. Kabla ya kununua, hakikisha pia kimeidhinishwa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda (UCC), kama inavyotakiwa kwa kila kifaa kinachoungwa kwenye mtandao wa simu.

Chumba cha mtambo mara nyingi kiko mbali na ofisi, na laini kwa kawaida huingilia ofisini. Usivute kebo mbili. Vuta moja yenye jozi mbili: jozi ya bluu ipeleke laini kutoka boksi la kuingilia hadi kwenye kifuatiliaji, jozi ya chungwa irudishe laini hadi soketi ya faksi. Ikipita ardhini, tumia kebo ya nje yenye jeli ndani, kwa sababu kebo ya ndani ikiingia maji mvua za Machi zikianza, laini itachafuka na utalaumu kampuni ya simu bure. Iweke angalau sentimita 30 mbali na kebo za umeme, na pale lazima zipishane, zikatane kwa pembe mraba. Soketi ya faksi ikiwa RJ11, ile ndogo ya kawaida ya simu, laini iko kwenye vishikizo viwili vya katikati.

Kosa baya kuliko yote kwenye kazi hii ni kubadilisha pande: laini ya nje ikafungwa kwenye skrubu za simu za ndani, na faksi kwenye skrubu za laini. Ubaya wake ni kwamba halijionyeshi. Faksi itatuma na kupokea kila siku, simu zitapigwa, kila mtu ataridhika. Siku ya hitilafu relei itakata laini ya nje yenyewe na kifuatiliaji kitabaki kikisubiri mlio ambao hauji. Kulipima ni rahisi. Chomeka simu ya kawaida kwenye soketi ya faksi, mpigie mtu, endelea kuongea naye, halafu mwenzako achokoze kengele kule kwenye mtambo. Mkonga ulio mkononi mwako lazima ufe ghafla, na simu ya kengele lazima imfikie anayepigiwa, maana pande zikiwa zimebadilishwa mkonga unaweza kufa vilevile. Ukiendelea kumsikia mtu wako, au ukisikia kifuatiliaji kikibonyeza namba sikioni mwako, au kengele isipofika, fungua boksi upya.

Kuna jambo moja linalofuata baada ya relei kukata. Faksi ikiwa imepigiwa kutoka nje, kwenye baadhi ya mitambo ya simu laini haiachiliwi papo hapo eti kwa sababu upande wa mpokeaji umekata. Hubaki imeshikwa mpaka mpigaji naye akate au muda upite. Mashine ya faksi ya upande ule, ikikosa ishara, itakata yenyewe, lakini itachukua sekunde kadhaa. Ndiyo maana usiweke kifuatiliaji kijaribu mara moja au mbili. Weka majaribio matano au zaidi, yaachane kwa dakika moja. Ukurasa wa faksi uliokatika si hasara, mashine nyingi zitapiga tena na kuutuma upya.

Sasa simu zinazoingia. Maoni yangu ni haya: acha faksi ipokee simu zote, na kifuatiliaji kiwe cha kupiga tu. Kiwekee ripoti ya kila siku, mfano saa 12 asubuhi kabla ofisi haijafunguliwa, ikitaja joto, umeme na hali ya betri. Ripoti isipokuja, unajua laini au kifaa kina shida. Mpango huo hauhitaji swichi yoyote.

Kama ni lazima uweze kupiga na kuuliza hali ya mtambo wakati wowote, kuna kupiga mara mbili. Unapiga, simu inaita kidogo, unakata. Unapiga tena ndani ya dakika moja, na kifuatiliaji kinapokea kwenye mwito wa kwanza. Faksi iwekwe ipokee baada ya miito minne ili isiwahi kwenye simu ya kwanza. Kumbuka kwamba mlio unaousikia sikioni unapopiga hautoki kwenye simu unayoipigia, na haulazimiki kwenda sawa nayo. Wewe umesikia mara moja, kule inaweza kuwa imeita mara mbili au haijaita kabisa. Kwa hiyo kifuatiliaji kiruhusiwe kukubali mwito mmoja hadi mitatu kwenye simu ya kwanza, na wewe kata baada ya kusikia wa pili.

Swichi ya faksi ina nafasi yake pale ambapo modemu ya mbali hupiga kila mara kuchukua kumbukumbu. Inapokea simu yenyewe, kisha inasikiliza. Mashine ya faksi inayopiga hutoa mlio wa hezi 1100 kwa nusu sekunde, ikanyamaza sekunde 3, ikarudia. Swichi ikiusikia inaita tundu la faksi; isipousikia inaita tundu la pili. Anayetuma faksi kwa kupiga namba kwa mkono mara nyingi hatoi mlio huo mpaka abonyeze kitufe cha kuanza, na simu yake itaishia kwenye kifuatiliaji. Usitegemee ukimya kumaanisha modemu. Kama swichi inakubali tarakimu za siri, fanya tundu la faksi kuwa chaguo la kawaida na modemu ifikiwe kwa tarakimu. Kwenye programu ya kupigia andika namba, kisha alama za mkato (,), kisha tarakimu hizo. Kila mkato kwa kawaida ni kusubiri sekunde 2, kwa hiyo minne ni sekunde 8. Na kwa kuwa kifuatiliaji kitaitwa mara ya pili baada ya swichi kupokea, ongeza muda wa modemu inayopiga kusubiri jibu: S7, mpangilio wa sekunde hizo, iwe 90 badala ya kiwango ilichokuja nacho.

Nyuma ya swichi, faksi iwekwe ipokee kwenye mwito wa kwanza. Mashine inayotuma husubiri jibu takriban sekunde 35 tu kabla ya kukata tamaa, na swichi imekwisha kula sehemu ya muda huo kwa kusikiliza. Faksi iliyoachwa kwenye miito minne itapokea wakati mashine inayotuma imeshaondoka, na malalamiko yatakuwa kwamba «faksi yenu inakubali lakini haipokei».

Umeme. Hitilafu ambayo kifuatiliaji cha Uganda huripoti mara nyingi ni umeme kukatika, kwa hiyo njia nzima ya simu lazima ifanye kazi bila umeme. Laini ya waya ina umeme wake kutoka kwa kampuni ya simu, kifuatiliaji kina betri, lakini swichi ya faksi inategemea adapta ukutani. Ikizimika, nyingi huunganisha laini na tundu moja tu. Chomoa adapta, nyanyua simu kwenye kila tundu, ujue lipi lina mlio, na hapo ndipo kifuatiliaji kikae. PABX ni vilevile: kifuatiliaji kikiwa nyuma yake kama ekstensheni, PABX ikizima na kengele imezima. Kiweke mbele ya PABX.

Radi nayo haina masihara kwetu. Tororo ilirekodiwa kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka kati ya 1967 na 1976, na pembeni mwa Ziwa Victoria hali si tofauti sana. Weka kinga ya radi ya gesi ya volti 230 pale laini inapoingia. Usichukue ya volti ndogo zaidi, kwa sababu simu ikiita, volti za kuita zikijumlishwa na zile 48 hupanda karibu 175, na kinga ndogo itawaka kila simu ikiita. Waya wa ethi, ule unaoshusha umeme ardhini, uwe mfupi na mnyoofu, na ethi ya simu iungwe na ethi ya umeme ya jengo hilohilo. Ethi mbili zisizounganishwa hufanya radi ipite ndani ya kifuatiliaji kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na kinga inakuwa kana kwamba haipo. Baada ya radi, laini ikifa kabisa, ondoa kinga kwanza upime volti upande wa nguzo. Zikiwepo 48, kinga imejitolea na inahitaji kubadilishwa tu.

Kwenye orodha ya namba za kupigiwa, weka angalau tatu na udai uthibitisho wa tarakimu kutoka kwa anayepokea. Simu ya mkononi ikiwa imezimwa, sauti ya mtandao inayosema mteja hapatikani inaweza kuhesabiwa na kifaa kuwa mtu amepokea, na kifaa kikanyamaza kikiamini ujumbe umefika. Ukidai tarakimu, kitaendelea na namba inayofuata. Rekodi ujumbe mfupi kwa lugha anayoielewa mlinzi wa usiku, iwe Kiswahili, Kiganda au Kiacholi: mahali, tatizo, na kitufe cha kubonyeza. Urudiwe mara tatu. Hakikisha pia laini haijafungwa kupiga simu za mkononi na haijaishiwa salio, na mwombe mtoa huduma aondoe huduma ya simu inayosubiri, kwa sababu mlio wake hukata faksi.

Haya yote ni ya laini za waya, zile za 0414 Kampala, 0471 Gulu au 0485 Mbarara zinazokuja kwa jozi ya shaba. Simu ya mezani yenye antena na kadi ya simu ndani si laini ya namna hiyo, hata kama ina soketi ya RJ11 mgongoni. Mtandao wa simu za mkononi hubana sauti ili maneno ya binadamu yasikike kwa data chache, na ubanaji huo huharibu milio ya faksi na ya modemu. Utasikia vifaa vikisalimiana, kisha vitakata. Kwenye kituo cha aina hiyo nunua kifuatiliaji kinachotuma SMS kwa kadi yake chenyewe, na nyaraka zitumwe kwa barua pepe.