Nilivyopiga picha ya infraredi kwa ncha za negativu

Mkorosho wa nyumbani kwetu Mikindani una majani ya kijani kilichokolea. Kwenye picha yangu umetoka mweupe kama umemwagiwa unga wa muhogo, na anga juu yake jeusi. Sikuchezea kompyuta. Ni infraredi, mwanga wa jua uliopita wekundu, ambao macho yetu hayauoni lakini jani bichi huurudisha kwa wingi. Wengi hudhani ni zile kamera za kuona joto la mwili. Sivyo.

Kwanza niliipima kamera. Niliielekezea rimoti ya televisheni, nikabonyeza, na kitaa cha mbele kikawaka zambarau hafifu kwenye kioo. Kwa macho hakionekani kuwaka. Basi sensa, kile kinasa mwanga ndani ya kamera, inauona mwanga huo, ingawa mbele yake kuna kioo cha kuuzuia, na ndiyo maana picha moja hula sekunde nyingi. Bila stendi usianze.

Kilichonipotezea muda ni ushauri. Filta ya nanomita 720, kioo cheusi cha kuweka mbele ya lenzi kinachozuia mwanga wa kawaida na kupitisha infraredi, ilibidi iagizwe nje, kwa bei ya gunia la mchele na zaidi. Jamaa mmoja wa picha za harusi akaniambia kwa uhakika: "Kaka, kata filamu ya eksirei, ni nyeusi, kazi ileile." Nikakata eksirei ya zamani ya mama mdogo, pale pembeni palipo peusi tii, nikaibandika kwenye lenzi, nikasimama juani mbele ya Boma la Wajerumani la 1895 tangu saa tano hadi saa saba. Nusu dakika, giza. Dakika nzima, giza. Dakika nne, ukungu wa kijivu usio na mti wala ukuta. Kumbe weusi wa eksirei ni madini ya fedha, nayo huzuia infraredi kama mwanga mwingine wowote. Inaniudhi mpaka leo, maana alisema jambo ambalo hajawahi kulijaribu.

Inayofaa ni negativu ya rangi, yaani filamu ya kamera iliyokwisha kusafishwa, kwa kuwa weusi wake ni wa rangi tu na infraredi hupenya. Nikaenda kwa mzee mwenye studio ya siku nyingi Mtwara mjini.

"Shikamoo babu. Naomba ncha nyeusi za negativu."

"Marahaba. Hizo si tulikuwa tunatupa? Chukua."

Ncha hiyo hupigwa na mwanga filamu inapopachikwa, ikisafishwa inatoka nyeusi. Ukiacha vitundu vya pembeni, unabaki na upana wa milimita 24. Nikatoboa duara dogo kwenye boksi gumu, nikaweka vipande viwili vikipandana, kingo zote nikaziba kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme. Kipande kimoja kilipitisha wekundu; vitatu vilitia ukungu. Viwili!

Fokasi niliiweka kabla ya kufunika lenzi, kwa sababu baada ya hapo huoni kitu. Nilipobana tundu la lenzi hadi namba 16, doa jeupe likatokea katikati. Nikalegeza hadi 8, likafifia. Kitundu cha kuchungulia nilikifunika kitambaa, mwanga usiingilie nyuma. Picha hutoka nyekundu tupu, kwa hiyo kamera naiweka kwenye nyeusi na nyeupe.

Minazi sikuipata. Kusi ilivuma, na kwa sekunde 30 makuti yakawa moshi. Mkorosho, wenye matawi mazito yaliyoinama karibu na ardhi, ulitulia hadi mishipa ya majani ya chini ikaonekana.

Babu wa studio ameibandika picha hiyo ukutani, na ameshaniwekea bahasha nyingine ya ncha.