Kioo cha mbele kikipigwa jiwe: kuziba, kubadilisha, na ya kumkazania fundi

Anayeendesha kati ya Tanga na Segera anayajua malori ya mawe na kokoto yanayoingia barabarani upande wa Maweni na Pongwe. Tairi pacha za nyuma hubana jiwe, lori likichanganya mwendo jiwe linachomoka, na wewe uliye nyuma unasikia mlio mmoja mkali kwenye kioo. Alama yenyewe huwa ndogo kama punje ya choroko. Wengi huiacha kwa kuwa wipa inapita na kioo hakivuji, mpaka siku gari linakita kwenye tuta na ufa unakimbia hadi upande wa abiria.

Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba, kila kimoja milimita 2 hivi, vilivyogandanishwa na utando wa plastiki wa milimita 0.76 katikati. Jiwe kwa kawaida huvunja cha nje tu, na ndiyo sababu tundu linazibika. Vioo vya milangoni na cha nyuma katika magari mengi ni kioo kimoja kilichokazwa kwa joto. Kikivunjika humwagika punje punje, hakuna cha kuziba.

Jiwe likishapiga, simama mahali salama, futa kwa kitambaa kikavu, bandika selotepu angavu juu ya tundu. Basi. Selotepu inazuia maji, vumbi na chumvi ya pwani, vitu ambavyo vikishaingia havitoki vyote na resini (gundi angavu ya kuzibia tundu) haitashika. Usipake supagluu: inaganda ikiwa imejaza nusu, inazuia resini, na fundi hana tena pa kuanzia. Usimwagie maji baridi kioo kilichoiva kwa jua la saa nane, wala usielekeze AC ya nguvu kwenye kioo hicho. Upande mmoja unasinyaa, mwingine bado umetanuka, na ufa unapata njia.

Je, linazibika? Kipimo ninachokiamini ni hiki: tundu lenye upana usiozidi milimita 25 au hivyo, kioo cha ndani kizima (pitisha kucha kwa ndani, usisikie kitu), na lisiwe karibu na ukingo, kwa sababu ukingoni kioo kina mkazo mwingi na ufa huanza tena. Likiwa mbele ya macho ya dereva, badilisha kioo. Hata uzibaji mzuri huacha doa, na usiku taa za gari linalokuja zinatawanyika hapo hapo.

Kazi ya kuziba ni ya nusu saa, lakini haitaki haraka. Gari liwe kivulini, ikiwezekana asubuhi, maana resini inakaushwa na mionzi ya urujuanimno, na jua la Tanga lina mionzi hiyo tele: ukifanyia juani, inaganda mdomoni mwa tundu kabla haijafika mwisho wa nyufa. Kioo kiwe baridi kwa mkono. Fundi anatoa chembe za kioo zilizolegea kwa sindano, anakausha unyevu, anafunga kishikio chenye vikombe vya mpira, na bomba la resini linakaa sawasawa juu ya tundu. Kwanza anavuta hewa nje, kisha anasukuma resini, anarudia. Mtazame kwa ndani ya gari wakati huo: miguu ya nyota (nyufa zinazotawanyika kutoka kwenye tundu) inayoonekana myeusi ni hewa iliyobaki, na inatakiwa ipotee mguu mmoja baada ya mwingine. Akiwasha taa ya mionzi ya kukaushia resini kabla haijapotea, amefunga hewa ndani, na ufa utaendelea. Mwisho anaweka tone la resini nzito juu, karatasi ya plastiki, taa kwa dakika chache, kisha wembe uliosimama wima kukwangua ziada.

Mimi nasisitiza kuziba kwanza kwa sababu moja kubwa kuliko bei: gundi ya kiwandani inayoshikilia kioo kwenye bodi inabaki haijaguswa. Belron, kampuni iliyoanzia Cape Town mwaka 1897 na ambayo leo inafanya kazi kwa majina ya Carglass Ulaya, Autoglass Uingereza, Safelite Marekani na O'Brien Australia, ina msimamo huo huo: ziba inapowezekana, badilisha inaposhindikana. Wanauza vioo, na bado wanaanza na resini. Fundi wa Ngamiani, hapa Tanga, anayekimbilia kung'oa kioo kwa tundu dogo anafaa kuulizwa kwa nini.

Ikibidi kubadilisha, balaa la pwani ni kutu. Magari yanayolala Raskazone au karibu na bandari hupigwa na upepo wa chumvi mwaka mzima, na mkwaruzo mmoja wa kisu kwenye ukingo wa bodi ambao kioo hukalia unatosha kuanzisha kutu chini ya mpira, usikoona. Ndiyo maana napendelea gundi ya zamani ikatwe kwa waya badala ya kisu. Ukingo ukishakuwa wazi, ukague. Ukiona magamba ya kutu, kazi ya kioo isimame, fundi bodi asage hadi chuma cheupe, apake praima (rangi ya awali ya kushikisha) ya epoksi na ikauke kabisa, hata kama gari litalala gereji. Gundi ikishika juu ya kutu, imeshika kutu tu; gamba likibanduka, linabanduka na gundi.

Pasipo na kutu, gundi ya zamani haikwanguliwi yote. Inapunguzwa ibaki unene wa milimita 1 hadi 2, kwa kuwa gundi mpya ya poliyurethani hushika ya zamani vizuri kuliko kitu kingine. Mikwaruzo ya rangi inapakwa praima. Ukanda mweusi unaozunguka ukingo wa kioo kipya unasafishwa, unapakwa praima na kuachwa ukauke kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, na baada ya hapo hakuna anayeugusa kwa kidole, maana jasho na mafuta ya mkono yanatosha kuharibu. Mdomo wa bomba la gundi ukatwe umbo la V, ili gundi isimame kama pembetatu ndefu isiyokatika, kisha kioo kishuke kikiwa kimeshikwa na watu wawili. Gundi hii hukauka kwa unyevu wa hewa, na hewa yetu ina unyevu mwingi, kwa hiyo ngozi inaota upesi juu yake. Ukishaizungusha, usiende kunywa chai.

Angalia tarehe ya mwisho kwenye bomba. Na ukisikia harufu ya siki, zuia kazi: hiyo ni silikoni ya madirisha ya nyumba. Asidi yake inakula chuma, na haina nguvu ya kukizuia kioo gari likigonga. Katika magari mengi eabegi (mfuko wa hewa) ya abiria hufunguka kwa kuegemea kioo cha mbele. Kioo kikitoka, eabegi inatoka nacho.

Kioo chenyewe kiagizwe kwa namba ya chesisi. Aina moja ya gari inaweza kuwa na vioo kadhaa: chenye kihisi cha mvua, chenye antena, chenye kishikio cha kamera. Toyota zenye mfumo wa usalama wa Safety Sense, ulioanza 2015, na Subaru zenye mfumo kama huo wa EyeSight zina kamera nyuma ya kioo, na baada ya kubadilisha lazima ipimwe upya kwa kompyuta. Ikipinda nyuzi 1 tu, mita 100 mbele inakosea kwa takriban mita 1.7, na ndiyo inayoamua breki ya dharura.

Muda wa kusubiri kabla ya kuendesha umeandikwa kwenye gundi; gundi nyingine ni saa moja, nyingine ni nyingi. Siku ya kwanza acha kioo cha mlango wazi kidogo, kwa kuwa mlango ukibamizwa hewa ya ndani inasukuma kioo kipya nje. Gari lisioshwe kwa mashine ya presha kwa siku mbili. Zikipita, mwagia maji ya mpira taratibu kuanzia juu, mtu akiwa ndani na tochi, akitazama pembe za chini karibu na dashibodi. Wenye bima kubwa wasome kipengele cha vioo na kikomo chake kabla ya kumlipa fundi, na wapige picha ya tundu kabla halijaguswa.