Bamvua ya kina mama, maji mafu ya baskeli

Saa 3 usiku, umeme ndo kwanza umerudi, nimeitungua kalenda ukutani nimeilaza juu ya meza nahesabu siku kwa kidole. Mdogo wangu anakuja likizo kutoka Dodoma wiki ijayo na kashanambia kwenye simu, "Kaka, safari hii nataka unizungushe pwani kwa baskeli, gari sitaki," basi mie toka siku ile akili yangu yote iko kusini mwa Unguja, Makunduchi, Jambiani, Paje, Bwejuu, nazipita zile njia kichwani kila nikilala.

Kalenda ninayoitumia ni ile yenye tarehe za Kiislamu pembeni, maana safari ya pwani huku kwetu hupangi kwa Jumamosi na Jumapili peke yake, unapanga kwa mwezi ulioko juu. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani tarehe 1 na tarehe 15 na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua, maji yanajaa mpaka kwenye mizizi ya minazi halafu yanapwa mpaka unauona mwamba kule mbali mawimbi yanapovunjikia. Na siku za bamvua hapa Unguja maji hupwa sana mnamo saa 4 na nusu hivi asubuhi, jioni saa 10 na kitu yamejaa. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mwezi ukifika 8 au 23 ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, na saa zimepinduka, asubuhi ndo yanajaa na saa 10 jioni ndo yako chini. Haya mambo nilifundishwa utotoni kwa maneno tu, na nimekuja kuyaelewa vizuri ukubwani nilipoanza kuendesha.

Upepo nao una sehemu yake. Sasa hivi ni kusi, unatoka kusini na kusini mashariki unapiga kutwa nzima, kwa hiyo anayeanzia Bwejuu kwenda Makunduchi msimu huu anajitesa bure, kifua chote kwenye upepo na macho yamejaa mchanga. Sie tutaanzia Makunduchi tupande kwenda kaskazini, upepo mgongoni, unakusukuma kama mtu kakushika tandiko. Ikija kaskazi, Disemba mpaka Februari, unaigeuza safari ile ile unaanzia juu. Nilipojua hili nikaacha kuulizana na watu kilomita ngapi, maana kilomita 10 na upepo mgongoni na kilomita 10 za kuupinga si kitu kimoja hata kidogo.

Njia yenyewe iko hivi. Baskeli mbili juu ya keria ya daladala mpaka Makunduchi. Kutoka hapo kwenda Jambiani tunashika barabara ya lami kwa sababu upande ule pwani ni mawe ya matumbawe yenye ncha, mchanga wa kuendea mfululizo hakuna, utaua tairi na magoti pia. Ni barabara tulivu, vichaka vifupi huku na huku, mara mbuzi, mara watoto wanarudi skuli wanakupigia kelele. Ukifika Jambiani unakata kulia baina ya nyumba unatokea pwani, na hapo pwani inafunguka mbele yako mpaka Paje na Bwejuu, mchanga mweupe mkavu juu ambao baskeli inazama, na chini yake ule ukanda wa mchanga uliolowa ambao ni mgumu kama sakafu. Ukanda huo ndo barabara yetu. Nikifika hapo naipunguza tairi pumzi kidogo, inatanuka inashika vizuri, halafu unakwenda na husikii kitu ila upepo na cheni.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nifute mpango wangu wa kwanza.

Mpango wa kwanza ulikuwa Jumamosi ya mwezi 16. Bamvua kamili, maji chini saa 4 na kitu asubuhi, pwani pana kabisa, jua halijawa kali, nikaona hakuna siku nzuri kuliko hiyo. Nikampigia shangazi yangu wa Jambiani kumwambia tutapita.

"Shkamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, hujambo, mtoto hajambo huko Dodoma?"

Nikamwambia hajambo, anakuja, tutapita kwako Jumamosi ile saa 4 na baskeli. Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Saa 4 mwezi 16 mie siko nyumbani mwanangu. Maji yakipwa vile sote tuko ndani, kwenye mwani. Mkipita mtatuona kwa mbali tu. Na muangalie msitupitie juu ya kamba."

Hakusema kwa ubaya, lakini neno lile limekaa na mie siku nne sasa. Kwa sababu nilikumbuka mwaka juzi nilivyopita Jambiani siku ya bamvua, nikaona maji yamekwenda mbali na mchanga unavutia, nikaiacha kingo nikaingia ndani kabisa na baskeli, nikipinda huku na kule kwenye vidimbwi, najiona niko peke yangu duniani. Sikuwa peke yangu. Kulikuwa na kina mama labda arubaini wameinama, na vile vijiti nilivyokuwa navikwepa ndo mashamba yao.

Shamba la mwani, yale majani ya baharini, ukilitazama karibu ni kitu cha mikono mitupu. Kigingi huku, kigingi kule, kamba imevutwa baina yake, na juu ya kamba vipande vya mwani vimefungwa kimoja kimoja kwa vikamba vidogo wanavyoviita taitai, kila kipande na fundo lake. Kamba moja mafundo mengi, na mtu mmoja ana kamba nyingi. Wiki sita hivi wanavuna, wanabeba magunia yanayochuruzika maji mpaka nchi kavu, wanaanika, halafu wanaanza tena. Kazi hii ilianza huku pwani ya mashariki mwaka 1989, Paje na Jambiani zikiwa za mwanzo, na shangazi aliingia akiwa bado kijana. Mwani ule wenye bei nzuri, kotonii, anasema maji yakipata moto unaoza unakatika, wamebakia zaidi na spinosamu ambao bei yake ni ndogo. Gurudumu likipita juu ya kamba moja linakata mafundo ambayo mtu alikaa siku nzima kuyafunga. Mie sijui kama siku ile nilikata. Nimelifikiria sana hilo.

Na si mwani tu. Saa hizo hizo wengine wako mwambani na mchokoo, kijiti chenye ncha, wanatafuta pweza, wengine wanaokota chaza. Na makumbi! Siku ile ile nilipotoka kwenye mashamba nikarudi kingo, gurudumu la mbele likatumbukia kwenye shimo nikaanguka kwa bega. Zilikuwa shimo za makumbi ya nazi. Wanayafukia kwenye mchanga unaofikwa na maji, wanarundika mawe juu yasichukuliwe, miezi inapita mpaka yaoze ndo wanayafukua wanayapiga kwa mti wapate usumba wa kusokota kamba. Shimo likifunguliwa lina harufu nzito ya kuoza ambayo huisahau. Bibi mmoja akaja akaniuliza kama nimeumia, akanipangusa mchanga begani kama mtoto wake, halafu akainama akarudishia mawe yake moja moja na mie nasaidia, wala hakunilaumu. Yale mawe yaliyopangwa duara nilikuwa nayaona kila nikipita, nadhani yamekaa tu.

Kwa hiyo juzi usiku nikaanza upya. Pwani ikipwa sana ndo inafaa kwangu, na ikipwa sana ndo saa yao ya kazi, yaani mie nilikuwa nachagua kila mara siku ile ile wanayoihitaji wao. Nikaisogeza safari mpaka mwezi 23. Maji mafu. Hayapwi ya kutosha kuingia mashambani, kina mama wengi siku hizo wako nyumbani, lakini ukanda wa mchanga mgumu kwenye kingo unatosha kabisa baskeli mbili sambamba. Na kwa kuwa maji yanakuwa chini saa 10 jioni, tunasali adhuhuri Makunduchi, saa 8 tunaondoka, Jambiani kabla ya saa 10, chai kwa shangazi, halafu pwani mpaka Paje na Bwejuu jua likiwa nyuma ya minazi na vivuli vyake vimelala mpaka majini. Magharibi itatukuta Bwejuu, tutalala kwa jamaa pale. Michamvi nimeiacha. Ni nzuri, hasa upande wa Kae unaotazama mikoko na machweo, lakini ukiitia siku hiyo hiyo utaharakisha kila kitu, na mtu anayeharakisha pwani hata salamu hatoi.

Picha nazo nishamwambia mdogo wangu, bahari apige anavyotaka, watu mpaka aombe. Yeye ana haraka ya simu.

Kuhusu baskeli zenyewe sina mengi. Yangu nimeifungua juzi, nimeifuta kutu, nikatia mafuta ya cherehani kwenye cheni. Chumvi haina huruma, ukirudi pwani ukalala hujaiosha kwa maji ya kisima, asubuhi cheni ishaanza kulia. Ya pili nimeazima kwa jirani, breki ya nyuma haishiki, kesho naipeleka kwa fundi. Tyubu mbili za akiba, viraka, pampu, maji mengi kuliko unavyodhani utakunywa.

Jioni hii nikampigia tena shangazi kumwambia tumebadilisha, tunakuja mwezi 23 jioni. Akafurahi, akasema atapika mkate wa kumimina. Halafu akauliza, "Na ile Jumamosi ya mwezi 16 mtakuwa na kazi gani?" Nikamwambia hatuna. "Basi njooni, baskeli muziache mjini. Mkono wa kufunga taitai hautoshi hapa, na huyo mtoto toka aende Dodoma hajagusa maji ya bahari."

Kwa hiyo kwanza tunakwenda kwa miguu. Kanambia mdogo wangu asije na ndara, atafute viatu vya mpira vya kufunga, chini kuna miiba, na tuwe tushafika kwake saa 2 na nusu maana maji hayangoji mtu kumaliza chai. Nimeizungushia kalenda duara mbili, 16 kwa wino mwekundu na 23 kwa wa buluu, nimeirudisha ukutani. Viatu nitaulizia kesho sokoni Darajani, yeye anavaa namba 38.