Korongo la mtaani kwetu: daftari langu toka mvua ya Januari mpaka tope limekauka

Mbukwenyi ndugu zangu. Leo ni Julai, maji yameshakatika kabisa korongoni, ila kuna greda linakuja mwezi ujao kulichimbua na nataka watu wa mtaa wetu wasome haya kabla halijafika.

Korongo lenyewe linashuka toka huku upande wa Ntyuka linapita katikati ya nyumba. Miaka mitatu iliyopita lilikuwa dampo, tulivyoanza kulisafisha tulikuta mifuko ya plastiki imelaliana tabaka kwa tabaka, ile ya zamani kabla haijapigwa marufuku Juni 2019. Tukatoa taka, tukapanga mawe sehemu tatu kupunguza kasi ya maji, kingoni tukapanda majani ya vetiva yanayoshika udongo. Dodoma mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na kwa mwaka wa kawaida haifiki hata milimita 600, kwahiyo yale mawe ndo yanafanya maji yabaki vidimbwi wiki kadhaa badala ya kupita yote siku moja.

Januari 18. Kupima usafi wa maji kwa mara ya kwanza, kwa kuangalia wadudu wanaoishi humo. Vifaa ni kipande cha chandarua nimekizungushia waya mgumu, beseni jeupe, kijiko na mabuti ya mpira (mabuti ni lazima jamani, kichocho hakichagui mtu). Unaweka wavu upande maji yanakoelekea, unavuruga mawe kwa miguu dakika mbili, unamwaga kwenye beseni unaangalia nani yumo, ukimaliza unawarudisha. Alama natumia za SASS, mfumo wa Afrika Kusini wa kupima usafi wa mito kwa wadudu, huo huo ndo ulizaa TARISS ya kwetu Tanzania. Kila familia ya wadudu ina alama yake, anayevumilia uchafu anapata 1 au 2, anayetaka maji safi anapanda mpaka 15, halafu unajumlisha unagawa kwa idadi ya familia. Siku ile nilipata viluwiluwi vya mbu 1, funza mwenye mkia mrefu wa kupumulia 1, wale vijidudu vyekundu vya topeni 2, na wanaoogelea chali 3. Jumla 7, wastani 1.75. Maji ya mtaro kabisa.

Machi 8. Hapa nilifurahi mpaka nikampigia dada simu asubuhi ile ile. Watoto wa kerengende aina mbili, mmoja wa kawaida (4) na mmoja anayejifukia mchangani anaacha macho tu nje (6), halafu wanaotembea juu ya maji (5), kaa (3), wa chali (3), vile vyekundu (2), na mgeni kabisa, kadudu kembamba kana vijani ubavuni vinapepea pepea, hivyo ndo vya kuvutia hewa toka kwenye maji, nyuma kana mikia kama nywele (4). Jumla 27, wastani 3.9. Bado sio mto safi ila toka 1.75 ndani ya wiki saba, na hatukumwaga dawa yoyote.

Kuna majirani walisema vidimbwi vyetu vinaleta mbu. Nikazunguka na beseni siku nzima. Vidimbwi vyenye watoto wa kerengende na wale wa chali viluwiluwi vilikuwa vya kuhesabu, ila tairi moja nyuma ya genge maji yalikuwa meusi kwa viluwiluwi. Tairi tulimwaga jioni hiyo hiyo.

Machi 23, baada ya mvua ile kubwa ya usiku, vifaranga vya kambare. Kambare mvua ikifurika anapanda juu kwenda kutaga, na ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu ndo maana kwenye maji ya tope haangaiki.

Ila kilichonifanya niandike ni Aprili 6. Pembeni ya korongo, karibu na ule mkwaju, kuna shimo la udongo mweusi wa mbuga, maji ya kahawia hata kidole hukioni. Nimeingiza wavu tu, katoka kasamaki kadogo kama kidole cha mtoto, kana wekundu unaong'aa, nikakaa chini kwenye nyasi nakaangalia. Ni jamii ya Nothobranchius, samaki wa madimbwi ya msimu. Hawa wanaanguliwa mvua ikinyesha, wanakua haraka (ndugu yao mmoja wa Msumbiji anakomaa ndani ya wiki mbili), wanataga kwenye tope halafu dimbwi likikauka wanakufa wote. Mayai yanabaki ndani ya lile tope kavu miezi na miezi mpaka mvua nyingine. Mchanga hauwafai, ni huu udongo mweusi unaopasuka ndo unayatunza.

Mzee mmoja jirani nilivyomuonyesha alicheka akasema, "Mwanangu hao tulikuwa tunawaona tukiwa tunachunga, tukadhani wanadondoka na mvua." Nikamwambia mzee wangu, hawajadondoka, walikuwa chini ya miguu yenu muda wote.

Sasa jambo lenyewe. Kikao cha mtaa kimepitisha greda lije Agosti kuchimbua korongo lote mpaka chini, ili mvua ikija maji yasiingie majumbani. Mafuriko naelewa, mimi mwenyewe niliingiliwa maji sebuleni. Greda lipite katikati kwenye mchanga, pale hakuna tatizo, lakini lile shimo la mkwajuni na mawili mengine ya udongo mweusi yaachwe, maana likikombwa tope kimekombwa kizazi kizima na hakuna samaki mkubwa aliyebaki popote wa kutaga tena. Na tafadhali msiniambie tutanunua vifaranga vya perege tumwage humo, dimbwi linakauka Mei, watakufa.

Jumamosi tumeyazungushia mashimo yote matatu mawe tuliyopaka chokaa, dereva ayaone toka juu. Watoto wa pale jirani wamesema watakuwa wanakagua kila wakitoka shule. Mwenyekiti kaniitikia vizuri, kasema nilete hoja kikaoni Jumapili saa kumi. Anayeweza aje, nitakuwa na daftari na picha za simu.