Ujenzi unapaa, mfukoni bado

Jamani, kila nikifungua redio nasikia sekta ya ujenzi inapaa. Sibishi. Treni ya umeme inafika Dodoma tangu 2024, daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, lilifunguliwa Juni 2025, na hapa Arusha kuna uwanja wa AFCON 2027 wa watazamaji 30,000.

Ila sisi makandarasi wadogo hali yetu ni nyingine. Kazi kubwa wanachukua kampuni za nje, sisi tunabaki na mitaro na vyoo vya shule. Unanunua saruji na nondo kwa mkopo, unamaliza kazi, unapeleka hati ya malipo, unaambiwa "njoo wiki ijayo". Riba hailali. Mwenye duka la vifaa ananipigia hata alfajiri (simlaumu, anadai haki yake).

Mwaka huu naangalia zaidi watu binafsi: fremu za maduka, nyumba za kupangisha. Wanajenga kidogokidogo, lakini tripu ya kokoto ikishushwa, hela ya fundi ipo. Jumamosi naanza msingi Kisongo. Mwenye mirunda ya kukodisha anicheki.