Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa yoga ya hewani

Saa 11:20 alfajiri. Kazi yangu inaanza na ngazi. Darasa langu hapa Mikocheni lina vitambaa tisa vya naironi vilivyofungwa kwenye boriti za chuma, na kila asubuhi napanda kukagua karabina, zile pete za chuma zinazoshikilia vitambaa, moja moja. Zimepigwa chapa 22 kN, yaani zinahimili zaidi ya tani mbili, lakini chumvi ya Dar haisomi chapa. Leo kamba moja imeanza kuchomoka nyuzi. Nimeikatakata vipande, nisije nikaionea huruma kesho.

Saa 12:30. Watu wa maofisini. Wote wanataka kupinduka kichwa chini wapigwe picha. Subirini kwanza. Tunaanza na ubao: viganja sakafuni, miguu ndani ya kitambaa. Ubao wa sakafuni unaweza kuudanganya, ila huu hapana, maana kitambaa kinayumba kila unapolegea, na nyonga zikishuka kila mtu anaona. Sekunde 20, pumzika, rudia. Kijana wa jimu, tumbo limegawanyika vipande sita, ametetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Misuli ya nje anayo. Ya ndani, ile inayoshika uti wa mgongo, ilikuwa haijawahi kuitwa kazini. Halafu alikuwa amebana pumzi, kosa la karibu kila mtu.

Saa 3. Chai na kiazi kimoja. Tumbo lililoshiba halipinduliwi (nilijifunza kwa aibu, tuishie hapo).

Saa 5. Darasa ninalolipenda: kina mama waliojifungua, wenye ruhusa ya daktari. Mmoja kaja na mama yake mzazi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Ndiyo unataka kumning’iniza binti yangu kama popo?”

“Hapana, mama. Wewe ulipojifungua ulifungwa mkaja?”

“Siku arobaini!”

“Basi kuna mkaja mwingine, wa ndani. Ni msuli unaolizunguka tumbo kutoka mgongoni hadi mbele. Mimba imeulegeza, tunaukaza.”

Akanyamaza, akavuta kiti karibu. Binti alikaa kwenye kitambaa kama kwenye pembea, nyayo chini. Toa pumzi polepole, kana kwamba unapoza uji. Kitovu kinaingia ndani chenyewe. Sasa inua mguu mmoja, kidogo tu, usiyumbe. Basi. Hakuna ubao kwake bado: tumbo likichomoza katikati kama paa, tunarudi nyuma hatua moja. Anayepita dirishani ataona watu wamekaa tu. Mimi naona jasho kwenye mdomo wa juu.

Saa 10. Mzee mmoja mwenye presha ya kupanda ameomba kupinduka. Nimekataa. Presha, glakoma (ugonjwa wa macho) na mimba havipinduliwi kwangu, hata ukilipa mara mbili. Amenuna, kisha akakubali mazoezi ya kukaa.

Saa 11 jioni. Zamu yangu mwenyewe. Kichwa chini, miguu imezungushwa kwenye kitambaa, najikunja kuelekea juu mara nane, taratibu. Ya sita ndipo mwili unapoanza kutafuta ujanja wa kujirusha.

Saa 1 usiku. Vitambaa vitatu kwenye beseni, maji ya baridi. Simu inalia: yule mama. Anauliza kama watu wa miaka 61 wanapokelewa, na kama lazima wavae zile suruali za kubana.