Taa za kuzamisha bafuni: nilidhani kazi ni kutoboa jipsamu tu

Naandika kabla sijasahau, maana mradi niliosema ni wa Jumamosi moja sasa umeingia wiki ya tatu na mama watoto ameshaniuliza kama tutaoga kwa tochi ya simu mpaka Krismasi. Bafu la masta hapa nyumbani Kimara lilikuwa na taa moja ya duara katikati, imejaa wadudu waliokufa, na tuliposhusha dari la jipsamu nikasema basi hapa zikae taa nne ndogo za kuzamisha, zile mafundi wanaita daunilaiti, mwanga usambae ili hata ukinyoa ndevu usijikate.

Jumamosi ya kwanza nikashuka Kariakoo. Muuzaji akanitolea taa za wati 7, nzuri kweli, nageuza boksi nakuta imeandikwa IP20. Ile tarakimu ya kwanza ni kinga ya vumbi na vitu vigumu, ya pili ni kinga ya maji, kwa hiyo sifuri pale mwisho maana yake maji haiyawezi kabisa. "Kaka, hizi watu wote wanaweka bafuni," ananiambia. Sikubishana naye, nikaomba IP65, akapanda stoo akashuka nazo, bei karibu mara mbili. Halafu kuna kitu nimekisoma kwenye karatasi ya ndani nikiwa tayari kwenye daladala: hiyo 65 ni ya uso wa taa tu, upande unaoonekana kwa chini. Mgongo na draiva, kile kiboksi kinachobadili umeme uifae LED, kinacholala juu ya dari, havina kinga hiyo, ndo maana ule mpira wa pembeni lazima ukae sawasawa kwenye jipsamu, ukikunjika mahali mvuke unapanda kule kule kwenye waya.

Bafu letu ni kama mabafu mengi ya huku, halina beseni wala kioo cha kuzuia, shawa inamwaga sakafuni moja kwa moja. Kwa bafu la hivyo viwango vya IEC, vile vya kimataifa vya umeme, vinahesabu mita 1.2 kutoka pale shawa inapotokea, kwenda juu mpaka mita 2.25 kutoka sakafuni, kwamba hapo ni eneo la maji na kila kinachowekwa kiwe cha kuhimili. Dari langu liko mita 2.4, kwa hiyo kwa karatasi niko nje ya eneo. Ila mvuke hausomi futi bana, na tuna hita ya shawa, asubuhi bafu linakuwa kama la kufukizia. IP65 zote nne.

Kutoboa ndo ilikuwa raha. Tundu la milimita 75, na kile kisu cha duara cha drili kinakula jipsamu kama mkate, nikavaa miwani na bado nikatoka mweupe kama nimeangukia kwenye unga. Matundu matatu safi. La nne nikagonga chaneli ya chuma inayoshika dari, kumbe nilipima kutoka kwenye vigae badala ya kupima kutoka ukutani. Ikabidi nisogeze sentimita 15, hilo tundu bovu likabaki linanitazama.

Nikazima breka ya taa, nikafungua taa ya zamani, nikaunga daunilaiti moja ya majaribio kwa konekta. Ikawaka vizuri. Nikalala najiona fundi.

Saa nane usiku naamka kwenda chooni, swichi iko nje ya mlango na nina uhakika niliizima, ila ndani kuna mwanga. Mdogo sana, kama kimulimuli aliyechoka, lakini upo. Nikawasha, nikazima, umebaki palepale.

Kesho yake nikachukua tesita nikapanda ngazi, swichi imezimwa, nikagusa waya mmoja: kitaa cha tesita kikawaka. Nikagusa wa pili: kikawaka pia. Hapo nikashuka taratibu, nikaenda kuzima meni swichi kabisa, nikampigia fundi. Huyu ana leseni ya EWURA, na mimi kwenye umeme najua mipaka yangu, kutoboa na kupaka rangi natosha, mengine yana wenyewe.

Fundi alikuja Jumanne na maltimita. Hata tesita yangu hakuiangalia, anasema hizo za kitaa zinaweza kukudanganya, na yeye hata maltimita anaijaribu kwanza kwenye soketi inayojulikana ina umeme, anapima anachopima, halafu anarudi tena soketi ile ile kuhakikisha kifaa hakijafa katikati ya kazi. Swichi ikiwa imezimwa, kati ya waya wa taa na ethi ya soketi ile, ule waya wa kwenda ardhini, akapata volti 228.

"Bosi, hapa swichi inakata nyutro," akasema. "Laivu iko kwenye taa muda wote, uzime usizime." Yaani swichi ilikuwa inakata waya wa kurudisha umeme, badala ya ule unaouleta.

Yaani miaka yote hiyo nikipanda kubadilisha balbu nazima swichi tu, mikono ina maji saa nyingine, na ule moto uko pale pale unanisubiri. Balbu za zamani hazikuonyesha kitu, ni hizi za LED zinazotosheka na umeme kiduchu unaovuja kwenye waya ndo zimetoa siri.

Tulipanda juu ya dari kutafuta chanzo tukakipata karibu na kona ya korido. Bafu hili liliongezwa baadaye, na aliyeunga alichukua nyekundu ya nyumba, yaani laivu, akaisokota na nyeusi ya bafu, yaani nyutro, na nyeusi ya nyumba na nyekundu ya bafu, akazungushia tepu, basi. Hakuna boksi, hakuna konekta, tepu imeyeyuka kwa joto la bati mpaka inanata vidole kama gundi ya panya. Na waya ni mbili tu, ethi hakuna.

Fundi akatoa zote. Amevuta waya mpya wa milimita 1.5 za mraba ndani ya paipu kutoka kwenye breka ya ampea 6, jointi ziko ndani ya boksi lenye kifuniko, na ethi imeenda mpaka kwenye kila tundu. Nilimuuliza ya nini wakati taa zina ile alama ya kiboksi ndani ya kiboksi, kwamba hazihitaji ethi. Akasema wewe leo umeweka hizi, kesho atakuja mwenye nyumba mwingine aweke za chuma. Sikuwa na jibu.

Kabla ya kufunga akabonyeza kitufe cha T kwenye RCCB. Haikuruka. Akabonyeza tena, kimya. Hiyo ndo ile ya miliampea 30 inayotakiwa ikate umeme ukianza kupitia mwilini, na sikuwahi kuibonyeza tangu tuhamie. Imebadilishwa, mpya inaruka kwa mlio mkavu. Halafu akapiga mega, kipimo cha kuona kama waya zinavujisha umeme, kwa volti 500, draiva zote zimetolewa kwanza maana zingeungua, akapata zaidi ya megaohmu 200, akatabasamu kidogo.

Taa nimezipachika mwenyewe jana. Hizo springi zake zina hasira, moja imenibana kidole gumba mpaka kimevilia damu. Usiku nikazima, nikaingia, giza totoro, nikajikwaa kwenye ndoo.

Lile tundu la makosa nimelibandika mfuko wa rambo kwa sasa. Mama watoto anasema pakae feni ya kutoa mvuke. Fundi anakuja Jumamosi kuangalia.